TAKA ZA SUMU NA IMANI YA WANANCHI: KWA NINI KIBALI PEKE YAKE HAKITOSHI

Somo hili limekusudiwa watumishi wa Serikali wa ngazi zote, masheha na wajumbe wao, na wananchi wa Unguja na Pemba kwa jumla. Linahusu jambo ambalo maofisa wengi hulizungumza wanapokuwa peke yao lakini ni nadra kuliandika: kwamba Serikali inapotangaza kuwa taka fulani za hatari zimehifadhiwa salama, au kwamba kiwanda fulani kimekaguliwa na kupewa kibali, wananchi wengi hawasadiki. Wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa hayo ni matokeo ya ujinga au ya uchochezi. Mwandishi wa somo hili haafikiani nao. Mwananchi asiyesadiki kibali, mara nyingi, amefundishwa kutosadiki, na aliyemfundisha ni sisi wenyewe.

Kwanza ifahamike ni taka zipi zinazozungumzwa. Maganda ya ndizi, makumbi na vifuu, mabaki ya samaki na karatasi ni uchafu, na yakilundikana huleta nzi na maradhi. Lakini hayo hayamo katika somo hili. Taka za hatari ni zile ambazo ndani yake mna sumu, au zinazounguza, kuripuka au kuambukiza. Wala mtu asidhani kwamba vitu hivyo viko katika nchi za viwanda vikubwa tu. Betri ya gari iliyokufa imo katika kundi hilo, kadhalika betri za umeme wa jua ambazo siku hizi zimeenea hadi mashamba ya mbali. Mafuta machafu yanayomwagwa katika gereji ni taka ya hatari. Taa za tyubu zina zebaki. Sindano na bendeji zilizotumika hospitali, dawa za kuulia wadudu zilizopitwa na muda, asidi za maabara za skuli, vyote hivyo vinahitaji kuhifadhiwa na kuteketezwa kwa utaratibu wa peke yake.

Sasa, kuna tofauti moja kubwa baina ya taka za kawaida na taka za sumu, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa maneno yote yatakayofuata. Jaa likioza, mkaazi wa jirani hana haja ya kuletewa mtaalamu; pua yake inamtosha, na ofisa akimwambia kwamba jaa halinuki atamcheka. Lakini sumu nyingi hazionekani wala hazinusiki. Vumbi la risasi halina harufu, wala halimuwashi mtu mwilini. Mtoto hulila kwa vidole vyake anapocheza chini, na madhara yake huja polepole: upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, uzito wa kusoma na kufahamu, na kwa kiwango kikubwa hata kifafa na mauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi kuliko mtu mzima katika kile kinachoingia tumboni mwake. Mama hawezi kuyaona hayo kwa macho. Yanaonekana kwa kipimo tu, na vyombo vya kupimia, wataalamu wa kupima na karatasi ya majibu, vyote viko mikononi mwa Serikali.

Kwa hiyo katika jambo hili mwananchi ametuwekea amana. Wale waliosoma vyuoni wanalijua uzito wa neno hilo. Amana haimdai mwenye kuwekewa kuwa mwema wa moyo tu; inamdai aweze kuionyesha kila anapoulizwa.

Kisima cha ghalani

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado kijana katika kazi ya habari, nilitumwa pamoja na maofisa wawili wa idara moja kwenda katika kijiji ambacho kilikuwa na ghala kuukuu la pembejeo. Ndani ya ghala hilo mlibaki mapipa ya dawa za kuulia wadudu zilizokwisha muda wake, na baadhi ya mapipa yalikuwa yameliwa na kutu na kuvuja sakafuni. Wanakijiji walikuwa wakilalamika kwamba kuku wao wanakufa, na kwamba maji ya kisima kilichoko mteremko wa chini ya ghala yana utando na harufu ya dawa. Nilipewa karatasi ya kuwasomea. Karatasi ilisema kuwa hali imechunguzwa na hakuna hatari yoyote. Niliisoma kwa sauti iliyopangika, kama nilivyofundishwa.

Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa barazani mwa skuli aliomba ruhusa ya kuuliza.

"Mwanangu, hayo maji yamepimwa?"

Nikamjibu, "Ndiyo bibi, yamepimwa."

"Yamepimwa lini, na nani aliyekuja kuyateka? Maana kile kisima kiko uani kwangu, na mimi sikuona mtu."

Niligeuka kuwatazama wenzangu, nao wakatazama chini. Tulipokuwa njiani kurudi mjini ndipo nilipoelezwa kwamba maji hayakupimwa kabisa. Waliotangulia walilitazama ghala kutoka mlangoni, wakaandika ripoti, na ripoti hiyo ndiyo iliyozaa karatasi niliyoisoma.

Mapipa yale yaliondolewa baadaye, baada ya miaka kadhaa. Lakini khasara iliyobaki haikuwa ya mapipa. Ulipoingia msimu wa kipindupindu nilirudi katika kijiji kile kile na tangazo la kuchemsha maji ya kunywa, tangazo ambalo kila neno lake lilikuwa kweli. Watu walinikaribisha kwa adabu, wakanipa kahawa, wakanisikiliza mpaka mwisho, wala hawakuchemsha maji. Naandika haya kwa kuwa sijaona mafunzo ya kazini yanayomweleza ofisa kijana kwamba tangazo la uongo la leo hulibatilisha tangazo la kweli la mwakani.

Owino Uhuru, Mombasa

Kisa cha kijiji kile ni kidogo. Kikubwa kuliko hicho, na chenye ushahidi uliopita mahakamani, kimetokea kwa jirani zetu wa mwambao, katika mtaa wa Owino Uhuru ulioko upande wa Changamwe mjini Mombasa. Ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, wapatao 3,000. Mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba zao, palianzishwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi ya kuuza nchi za nje. Moshi wa tanuri ulipita juu ya mabati ya nyumba, na maji machafu ya kiwanda yalitiririka kuingia mtaani, ambamo watoto walicheza na kina mama walipita.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Bi Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi alizopewa ilikuwa kusimamia utayarishaji wa ripoti ya athari za mazingira. Mtaalamu aliyeshirikiana naye aliona kuwa kiwanda hakistahiki kuwa mahali pale, na kwamba kihamishwe. Ushauri huo haukukubaliwa, na Bi Omido akahamishiwa kazi nyengine. Muda si mrefu mwanawe mchanga aliugua. Alitibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, asipone, mpaka damu yake ilipopimwa risasi na kuonekana imezidi. Mama huyo aliacha kazi. Badala ya kushughulika na mwanawe peke yake, alitafuta njia ya kupimwa watoto wengine wa mtaa, nao pia wakaonekana na risasi katika damu.

Msomaji na azingatie mpangilio wa mambo. Palikuwa na sheria ya mazingira tokea mwaka 1999. Palikuwa na mamlaka ya mazingira yenye wakaguzi. Palikuwa na mamlaka ya maeneo huru ya uzalishaji, na wizara ya afya. Kwa karatasi hapakukosekana kitu. Wakaazi walilalamika, na kiwanda kiliwahi kufungwa kwa muda, kisha kikafunguliwa tena, jambo ambalo kwa mtazamo wangu lilivunja imani kuliko kama kisingefungwa kabisa. Kwani mkaazi aliyeona kiwanda kinafungwa alijua kuwa Serikali imekiri hatari, na alipoona kinafunguliwa huku moshi ukiwa ule ule, alijua kuwa kukiri huko hakukuwa na maana. Mwaka 2012 wakaazi waliandamana, na Bi Omido akakamatwa na kushtakiwa. Baadaye mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa moja kwa moja mwaka 2014. Mwaka 2015 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Wakaazi walifungua kesi mwaka 2016. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na eneo lisafishwe. Miongoni mwa waliotiwa hatiani kulipa, pamoja na kampuni, ilikuwamo mamlaka ya mazingira yenyewe. Mamlaka ilikata rufaa, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Disemba 2024 iliirejesha hukumu ya mwanzo. Tokea tanuri lilipowashwa hadi neno la mwisho la sheria ilipita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa amekwisha kuwa kijana wa kumaliza skuli.

Ofisa anayeuliza kwa nini watu wa mtaa kama ule hawaamini ukaguzi wa mazingira, jawabu lake ni hiyo miaka 17. Naye asiseme kwamba mambo hayo ni ya Kenya. Sisi tunazungumza lugha moja na watu wa Mombasa, tunaoana nao, na habari zao zinatufikia kwa simu kabla hazijafika katika magazeti.

Mapipa ya Koko na meli ya Abidjan

Imani ya Waafrika juu ya jambo hili ilianza kutetereka mapema. Katika bandari ndogo ya Koko, nchini Nigeria, mwezi wa Juni 1988 iligunduliwa kuwa maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia, tani zipatazo 3,800, yalikuwa yamewekwa katika kiwanja cha mkaazi mmoja wa pale, ambaye alikodiwa kwa kiasi cha dola 100 kwa mwezi. Mapipa yalipita bandarini yakiwa na karatasi zilizoyataja kwa majina yasiyo ya hatari. Baadhi ya wakaazi, kwa kutojua, walimwaga yaliyomo na kuyatumia mapipa kuhifadhia maji. Khabari zilifichuka kwa bidii ya wanafunzi wa Kinigeria waliokuwa Italia, ambao walisoma magazeti ya huko na kuandika nyumbani. Yaani Serikali ilielezwa na wanafunzi yale yaliyokuwa yamepigwa mihuri na maofisa wake. Kwa haki, ni lazima isemwe pia kwamba Nigeria ilichukua hatua kwa haraka: mwaka huo huo ilitunga sheria kali ya jinai dhidi ya taka za sumu na kuanzisha chombo cha taifa cha mazingira, na taka zilipakiwa kurudi Ulaya, ambako meli Karin B ilizunguka kwa majuma, nchi moja baada ya nyengine ikikataa kuipokea.

Kadhia hiyo na nyengine za miaka ile ndizo zilizoharakisha Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka za hatari baina ya nchi na nchi, na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao kwa huo nchi za Afrika zilikataza kabisa kuingizwa taka hizo barani. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili.

Hata hivyo, mikataba ikiwa imo na sahihi zikiwa zimetiwa, usiku wa tarehe 19 Agosti 2006 malori yalimwaga taka za sumu katika sehemu kadhaa za jiji la Abidjan, Côte d'Ivoire. Taka hizo, zaidi ya mita za ujazo 500, zilishushwa kutoka meli Probo Koala iliyokodiwa na kampuni ya Trafigura. Kabla ya hapo meli ilikuwa imejaribu kuzishusha Amsterdam. Kampuni ya bandarini ilipoona harufu yake ilivyo ilitaka malipo makubwa zaidi, na taka zikarudishwa melini, na meli ikaachiwa kwenda zake. Huko Abidjan zilipokelewa na kampuni changa iliyopewa leseni majuma machache tu nyuma yake, isiyokuwa na mtambo wowote wa kuzisafisha. Asubuhi watu waliamka na harufu isiyovumilika. Waliumwa vichwa, walitapika, walitokwa na damu za pua. Zaidi ya watu 100,000 walikwenda hospitali, na Serikali ilitangaza vifo 15. Mwezi wa Septemba Baraza la Mawaziri lilijiuzulu.

Mwaka 2007 kampuni ilifikia mapatano na Serikali ya nchi hiyo na kulipa faranga bilioni 95, bila ya kukiri kosa. Na mwaka 2010 mahakama ya Uholanzi iliitoza faini ya yuro milioni moja. Lakini neno linalotuhusu zaidi lilitamkwa karibu nasi, mjini Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Katika hukumu yake ya tarehe 5 Septemba 2023, Mahakama hiyo iliona kuwa Serikali ya Côte d'Ivoire imevunja haki za wananchi wake: haki ya kuishi, ya afya, ya mazingira yanayofaa, ya kupata nafuu kisheria, na haki ya kupata habari. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niliweke shauri hili katika somo la leo. Kunyima habari juu ya sumu kumehesabiwa kuwa ni dhulma inayosimama kwa miguu yake, hata kama aliyemwaga sumu ni mtu mwengine. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo, katika Kifungu cha 18, inampa raia haki ya kupewa habari za mambo muhimu kwa maisha yake. Na sijui ni jambo gani lililo muhimu kwa maisha kuliko maji ya kisima.

Lugha ya ripoti

Mfano mmoja nauchukua mbali, Marekani, kwa sababu unaigusa kazi yangu mimi. Katika jimbo la California kuna mji mdogo unaoitwa Kettleman City, ambao karibu na hapo pana jaa kubwa la taka za hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni yenye jaa hilo iliomba kujenga tanuri la kuteketezea taka. Wakaazi wengi walikuwa wafanyakazi wa mashambani wenye asili ya Mexico, na wengi wao walizungumza Kihispania tu. Ripoti ya athari za mazingira ilikuwa na kurasa zipatazo elfu moja, yote kwa Kiingereza, na wakaazi walipoomba itafsiriwe walikataliwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1991 jaji aliamua kwamba ushiriki wa wananchi haukuwa ushiriki wa kweli ikiwa hawakuelewa kilichoandikwa. Mwaka 1993 kampuni iliondoa ombi lake.

Kwetu sisi maafa ya lugha ni ya ajabu zaidi, kwani tuna lugha moja inayofahamika na kila mtu kutoka Nungwi hadi Makangale, na bado ripoti nyingi za kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Mwananchi huletewa sentensi mbili za mwisho: imekaguliwa, ni salama. Ikiwa mtaalamu anashindwa kueleza kwa Kiswahili namna sumu itakavyozuiwa isifike kisimani, basi ama hajapata msaada wa mtu wa habari, jambo ambalo linatengenezeka, ama yeye mwenyewe hana hakika namna itakavyozuiwa.

Yanayompasa mtumishi wa Serikali

Kutokana na visa hivi, ofisa anayehusika na vibali au ukaguzi atazame kazi yake upya katika mambo machache. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa, ni kuteka sampuli mbele ya watu. Anapokwenda kupima maji, udongo au moshi, amwite sheha na wakaazi wawili watatu wanaoaminiwa na wenzao, wasiwe wale tu wanaoaminiwa na ofisi. Chupa zijazwe mbele yao, ziandikwe tarehe na saa, na kila mmoja aone zikifungwa. Majibu yakirudi yabandikwe katika ofisi ya sheha kwa Kiswahili, yakionyesha kilichopimwa, kiasi kilichopatikana, na kiwango kinachoruhusiwa. Gharama ya haya ni karatasi na nusu siku ya kazi. Bibi yule wa kisima hakuniomba zaidi ya hayo.

Ikiwa majibu bado hayajaja, isemwe kuwa bado hayajaja. Neno "hatujui, tumepeleka kupima, tutarudi Jumatano" linastahamilika, ilimradi Jumatano mtu arudi kweli, hata ikiwa mikono mitupu. Kadhalika chombo chenye kuvutia wawekezaji kisiwe ndicho chenye kusema neno la mwisho juu ya sumu yao. Mtu hawezi kuwa posa na kadhi katika ndoa moja. Na kiwanda kikifungwa kwa kosa, kisifunguliwe mpaka wakaazi waelezwe ni kitu gani kilichorekebishwa, na ikiwezekana waingizwe ndani wakakione.

Yapo pia maofisa wanaokhofia kwamba ukiwaeleza watu hatari ilivyo, watafanya fujo. Uzoefu wangu ni kwamba watu huingiwa na taharuki wanapohisi kuwa kuna jambo wanafichwa. Huko Abidjan, pasipo na maelezo ya wazi juu ya kilichomwagwa, kila mtaa ulijitungia maelezo yake, na hakuna aliyeweza kuwalaumu.

Yanayomkabili mwananchi

Haitakuwa insafu kuishutumu Serikali peke yake. Kuna sumu ambazo hazina kibali wala kiwanda, tunazo wenyewe majumbani. Wavuvi wengine huvunja betri kuukuu na kuyeyusha risasi yake kutengeneza chubwi za mishipi na nyavu, na kazi hiyo hufanywa uani, juu ya jiko la mkaa, watoto wakitazama. Moshi na vumbi la kazi hiyo ni sumu ile ile ya Owino Uhuru. Asidi ya betri humwagwa mchangani, nayo huchukua risasi pamoja nayo. Mafuta machafu ya gari hupakwa boriti na nguzo kuzuia mchwa, na yanayobaki hutupwa mtaroni, mvua ikija yanaelekea pwani au kisimani. Asiyemwamini mkaguzi ana haki yake, lakini kutomwamini hakuzuii risasi kuingia katika damu ya mwanawe mwenyewe.

Betri iliyokufa isivunjwe. Iwekwe wima, juu ya ubao au kitu kisichovuja, mahali pasipofikiwa na watoto wala mvua, na irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi anayeichukua nzima pamoja na asidi yake. Aliyeshika betri iliyopasuka anawe mikono kabla ya kula, na nguo zake zifuliwe mbali na nguo za watoto. Kopo la dawa ya kuulia wadudu lisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara saba. Mtoto aliyekaa karibu na kazi za risasi, akiwa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha, upungufu wa damu, au amezidiwa na uzito wa kufahamu, apelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari waziwazi juu ya kazi hizo, kwani bila ya kuambiwa daktari atatibu malaria, kama alivyotibiwa yule mtoto wa Mombasa.

Mwenye malalamiko juu ya taka za sumu na asitosheke na kuyasema barazani. Aandike. Barua itaje shehia, mahali hasa penyewe, siku na saa jambo lilipoonekana, rangi au harufu iliyokuwapo, namba ya gari ikiwa taka zililetwa kwa gari, na majina ya waliokuwapo. Aiombe ofisi ieleze ni kipimo gani kitakachofanywa na lini majibu yatatoka. Asikubali kujibiwa kwa mdomo. Barua iandikwe nakala mbili, moja ibaki ofisini, na ya pili airejee nayo nyumbani ikiwa imepigwa muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa.